Mkutano wa Kasiani Mchoma Chokaa

Ukiuliza Tulieni iko wapi, utaambiwa iko pale pale ilipoachwa na waliotangulia, haijasogea hata kidogo, na wananchi wake wanajivunia jambo hilo. Ni nchi ya amani. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozijua, na ina barabara ambazo mashimo yake hayafukiwi lakini mawe ya kando yake hupakwa chokaa kila Mtukufu Rais anapokaribia kupita. Rais wa Tulieni hupita mara nyingi. Ndiyo maana chokaa ni uhai wa taifa, na ndiyo maana tanuri la Kiwanda cha Chokaa cha Taifa lilikuwa halijapata kuzimika tangu lilipowashwa.

Modesta alifanya kazi katika kiwanda hicho, akishona midomo ya magunia. Mumewe, Kasiani, alichoma mawe tanurini. Wote wawili walikuwa wanachama wa Chama cha Wafanyakazi, kwa sababu Tulieni mtu haombwi kujiunga na Chama. Anakuta tu mshahara wake umekatwa, basi anajua amejiunga, anamshukuru Mungu.

Asije mtu akadhani Chama hicho kilikuwa kimelala. Zamani kiliwahi kwenda mbele ya Menejimenti na madai matatu: mshahara uongezwe, wanaougua kifua kwa vumbi la chokaa watibiwe, na mfanyakazi akifa azikwe kwa heshima. Menejimenti ililikubali lile la tatu papo hapo, tena ikaongeza na vitu ambavyo hata havikuombwa: jeneza la mninga, ng'ombe mzima wa pilau, basi la waombolezaji, fulana zenye picha ya marehemu, na siku mbili za kuomboleza kwa kiwanda kizima huku wakuu wa idara wakichochea tanuri kwa zamu wakiwa ndani ya suti zao. Viongozi wa Chama waliguswa sana. Wakaona mtu akikupa kwa ukarimu namna ile, halafu ukarudi kumdai na yale mawili mengine, utaonekana hukufunzwa kwenu. Wakayaondoa.

Basi Tulieni ikawa nchi ambayo mfanyakazi wake anaishi kama panya na kuzikwa kama mfalme. Na kwa kuwa Sheria ya Mikusanyiko inakataza wafanyakazi zaidi ya wanne kukaa pamoja, ili wasiambukizane mawazo, isipokuwa wanapomzika mwenzao, msiba ndio ulikuwa mkutano, sikukuu na nyama.

Lakini ng'ombe ni mali, na Menejimenti haikuwa ya wajinga. Ikaweka utaratibu kwamba anayekohoa sana apumzishwe kazi mapema, kwa heshima na cheti, ili akifa afe kama raia wa kawaida. Hapo ndipo watu wa chokaa walipojifunza ufundi wao mkubwa, kukohoa kwa ndani. Mfanyakazi mpya hufundishwa kwanza kufunga mdomo na kukimeza kikohozi, ndipo afundishwe kushika koleo. Anayeshindwa kukimeza hukingoja king'ora cha kubadilishana zamu. King'ora kikilia, kiwanda kizima hukohoa kwa pamoja chini ya mlio wake, na kikinyamaza, nao hunyamaza. Wageni wa Serikali waliowahi kutembelea pale walisifu sana utulivu wa vifua vya wafanyakazi.

Kasiani alikuwa bingwa wa kukohoa kwa ndani. Siku alipoanza kushindwa, Modesta alijua kabla yake, kwa sababu alikuwa amelala na mgongo ule miaka mingi na aliujua unavyotikisika. Akampeleka hospitali ya wilaya. Daktari akamsikiliza kifua, akasema kinahitaji kitanda na mtungi wa hewa kwa majuma kadhaa, na kwamba mtu huyu akivipata ataishi. Ila kwa mfanyakazi wa taifa, kitanda hutolewa kwa idhini ya Chama chake.

"Ataishi," Modesta alirudia neno hilo njia nzima, maana ndilo pekee alilolitaka.

Ofisi ya Chama ilikuwa na madirisha matatu. La Mishahara lilikuwa limezibwa kwa matofali, na la Matibabu limejazwa maboksi ya fulana za Mei Mosi. Dirisha la Mazishi ndilo lililokuwa wazi, lina pazia safi na kiti cha kukalia. Nyuma yake aliketi Mwenyekiti wa Chama, Ndugu Pantaleo, mtu mpole, mnene, mwenye macho yaliyo tayari kulia wakati wowote wa kazi.

"Karibu mama, karibu. Pole sana. Amefariki lini?"

"Hajafariki, Ndugu Mwenyekiti. Anaumwa. Nimekuja kuomba mumtolee idhini ya kitanda."

Ndugu Pantaleo akakunja uso kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. "Mama yangu, umewahi kidogo. Chama hiki ni chama makini. Hatuwezi kuingia kati ya mwanachama na Muumba wake kabla Muumba mwenyewe hajasema neno. Lakini usiondoke mikono mitupu. Fundi wetu atakuja kumpima. Mninga huu wa mwaka huu, mama, hujapata kuuona."

"Naomba atibiwe. Jeneza sijaomba."

"Ndiyo hivyo wanavyosema wote," akajibu kwa upole, "na baadaye wananishukuru."

Kesho yake fundi akaja na kamba yake. Alimpima Kasiani akiwa kitandani, akamsifu kwa kukonda, kwa kuwa mwaka ule Chama kilikuwa kimeokoa mbao nyingi sana kutokana na wanachama kuwa wembamba, na jambo hilo lilikuwa limetajwa katika taarifa ya mafanikio.

Wenzake walianza kuja kumwangalia, wanne wanne kama sheria inavyotaka. Walileta machungwa. Wakiuliza hali, Modesta akisema leo amekunywa uji wote, walijibu "Tunashukuru," lakini nyuso zao zilishuka. Mara ya kwanza alidhani ameona vibaya, lakini mara ya tatu alimvuta pembeni Hilari, rafiki wa Kasiani wa tanurini, akamwuliza kinachoendelea.

Hilari alitazama chini. "Shemeji, usituone wabaya. Muda mrefu sasa hakuna aliyefia kazini. Wote wanapumzishwa mapema. Sisi tunataka kukaa pamoja, kiwanda kizima, tuseme haturudi tanurini mpaka wagonjwa watibiwe. Tutakaa wapi? Ruhusa yetu iko kwenye msiba tu." Akafuta pua kwa kiganja. "Na aliyebaki karibu, kabla hawajamwahi na cheti, ni huyu mwenzetu."

Modesta alipandwa na hasira. Mume wake alikuwa akingojewa kama mvua. Alitaka kumfukuza Hilari na machungwa yake, lakini kutoka ndani Kasiani, aliyekuwa amesikia yote, alicheka kile kicheko chake kilichoishia kwenye kikohozi.

"Waache, Modesta. Miaka yote sijaitisha hata kikao. Nikifa nitakuwa mkutano."

"Mimi sikuolewa na mkutano," alisema Modesta, akaenda jikoni akalia.

Huko huko jikoni ndiko wazo lilikomjia, na lilikuwa wazo ambalo mtu wa Tulieni pekee angeweza kulipata. Kama wafanyakazi walihitaji msiba, na Kasiani alihitaji madai yao yakubaliwe angali hai, kulikuwa na haja gani ya kumngoja afe? Amzike kwanza. Wakutane, waseme, Menejimenti ikubali, na marehemu atoke jenezani aende hospitali. Hilari alipoelezwa alisema hajawahi kusikia jambo la akili kama hilo tangu azaliwe. Habari ikapita kiwandani chini ya king'ora, kutoka sikio hadi sikio, na Modesta akarudi kwenye Dirisha la Mazishi kusema mumewe amefariki, wala hakuombwa ushahidi.

Msiba wa Kasiani ulifana. Chama hakikubania kitu. Turubai lilifunika uwanja mzima wa nyumba yao, ng'ombe alichinjwa, na wafanyakazi wote walikuja wamevaa fulana zenye uso wa Kasiani, hata Modesta alipotazama uwanjani alimwona mumewe kila mahali. Kasiani mwenyewe alikuwa ndani ya jeneza pale mbele, kifuniko kimelegezwa kichwani apate hewa, baada ya kunyweshwa asali na tangawizi ili atulize kifua. Walikubaliana kwamba Ndugu Pantaleo akimaliza tu hotuba, Hilari asimame.

Meneja Mkuu wa kiwanda alikuwa amekaa kiti cha mbele, leso nyeupe mkononi. Ndugu Pantaleo akapanda jukwaani, akalia kidogo kwanza, kisha akaanza.

"Ndugu waombolezaji. Kasiani aliiheshimu chokaa, na chokaa ikamheshimu. Hakuna jiwe jeupe katika nchi hii ambalo halina jasho lake. Leo amelala. Hadai kitu. Tujifunze kwake." Watu waliinamisha vichwa. "Lakini Chama chenu, ndugu zangu, hakilali. Jana usiku nimepambana na Menejimenti. Nimepambana kweli kweli. Na ninayo heshima kuwatangazia kwamba kuanzia leo mafao yenu yameongezwa. Mninga basi, sasa ni mvule. Ng'ombe si mmoja, ni wawili. Na siku za kuomboleza si mbili tena, ni tatu."

Watu wale hawakuwa wameongezewa kitu chochote tangu waajiriwe. Wengine walikuwa wamezeeka wakiwa hawajui hata nyongeza inavyosikika masikioni. Kwa hiyo mikono ikatangulia akili, wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu na kwa furaha ya kweli, na Modesta alipogeuka kumtafuta Hilari alimwona naye anapiga, macho yamemjaa machozi, mpaka alipokutana na uso wake akaishusha mikono kama aliyeshikwa akiiba.

Mtu akishapiga makofi hawezi kusimama kudai. Hilo halimo katika sheria yoyote ya Tulieni, lakini kila mtu analijua.

Na katika ule ukimya unaofuata makofi, Kasiani akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, kutoka kwenye mbao. Meneja Mkuu aliinua kichwa. "Nani huyo?"

Wote walijua kwamba Kasiani akigundulika, atafukuzwa na kushtakiwa, na mkewe pamoja naye. Ndipo Hilari akakohoa, kwa nguvu, kwa nje. Jirani yake akakohoa. Kikaenda mstari kwa mstari mpaka kikafika mwisho wa turubai na kurudi, kiwanda kizima kikikohoa bila king'ora kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyelazimika kujifanya, kwa sababu kila mmoja alikuwa nacho kifuani akikingojea ruhusa. Kikohozi cha Kasiani kikazama humo kama tone katika mto. Meneja Mkuu akafunika pua kwa leso na kuomba ratiba iharakishwe kutokana na vumbi.

Mshereheshaji akaita neno la familia. Modesta alisimama. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa machache tu: mume wangu yu hai, mpeni kitanda. Aliwatazama watu wale wenye uso wa Kasiani vifuani mwao, wakikohoa mpaka machozi yanawatoka ili kumficha mwenzao, akaona kwamba akisema sasa atawaangamiza wote. Wao walidhani wanamwokoa. Yeye alijua wanamzika, na hakuwa na moyo wa kuwaambia.

"Tunashukuru," akasema, akakaa.

Familia ilipopewa faragha ya kumuaga marehemu, yeye na Hilari walimtoa Kasiani jenezani wakamficha chumbani, na mahali pake wakaweka gunia la chokaa. Lilimzidi uzito. Meneja Mkuu alishika pembe moja ya jeneza hatua chache kwa ajili ya picha, akasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba anayesema wafanyakazi wetu wanakonda aje abebe hapa. Wakalizika gunia kwa heshima zote, na Ndugu Pantaleo alilitupia udongo akilia.

Yaliyobaki ni ya kuhuzunisha, na Tulieni huwa hayatangazwi. Kasiani akawa mtu aliyekufa kisheria. Mshahara wake ukafa. Modesta alimfunga blanketi, akampakia kwenye baiskeli, akaikokota mpaka ofisi ya Chama.

"Ndugu Mwenyekiti, mume wangu yu hai."

"Yu hai, mama," alisema Ndugu Pantaleo kwa huzuni. "Yu hai mioyoni mwetu."

"Yuko hapa. Mtazame."

Ndugu Pantaleo akachungulia dirishani. Kasiani alikuwa ameegemea tandiko la baiskeli, akajaribu kumsalimu kwa mkono. Mwenyekiti alimtazama muda mrefu, na Modesta aliona waziwazi kwamba amemtambua. Kisha akalivuta lile pazia safi nusu, na alipozungumza sauti yake haikuwa ya jukwaani.

"Mama, usinilazimishe nimwone. Nikimwona itabidi nimshtaki, na wewe, na wote waliokohoa siku ile. Unadhani mimi sikujua kikohozi kile kimetoka wapi? Nilichoma chokaa miaka kumi kabla sijapata kiti hiki." Akameza kitu kooni, kwa ndani, kwa ufundi wa zamani. "Marehemu hatibiwi, mama. Mpeleke nyumbani. Mpe uji."

Modesta alimpa uji. Akaenda kazini akashona midomo ya magunia, akirudi anampa uji tena, na jioni wakikaa mlangoni Kasiani alimtania kwamba yeye ndiye mjane pekee anayegombana na marehemu kuhusu chumvi. Alicheka naye. Moyoni alikuwa anasikiliza ule mgongo, akaujua unakoelekea. Kasiani akafa asubuhi moja ya mvua, kijiko kikiwa bado mkononi mwa mkewe, na kama angepewa kile kitanda asingekufa. Daktari alikuwa amesema ataishi.

Chama kilijibu kwamba kinaungana naye katika majonzi, lakini hakiziki mtu mara mbili. Hapakuwa na turubai, wala basi, wala siku ya mapumziko. Hilari akaja na wenzake watatu, idadi ya sheria, wakafukua kaburi lile lenye jina la Kasiani. Jeneza lilikuwa zima. Mvua yote ile haikuingiza hata tone, na katika hilo tusikionee Chama, mninga ulikuwa mninga kweli. Wakatoa gunia, wakamlaza mwenyewe mahali pake.

Lile gunia lilibaki kando. Modesta alilifumua mdomo aliokuwa ameushona kwa mkono wake, akachanganya chokaa na maji ndooni, akalipaka kaburi la mumewe pande zote mpaka likawaka. Maisha yake yote Kasiani alichoma chokaa ya mawe ya Rais, na hii ndiyo ilikuwa sehemu yake.

Hilari na wenzake walirudi kazini. Wengine wanne wakaomba ruhusa ya kwenda kutoa pole. Askari wa getini akawahesabu, akaona ni wanne, hakuna kosa, akawaachia. Nyuma yao wakasimama wanne wengine, na nyuma ya hao wanne, kila kundi likiacha nafasi kidogo ili mtu asije akasema wamekusanyika. Foleni ikatoka getini ikapita barabara ya mawe meupe mpaka makaburini. Aliyeulizwa anadai nini alisema hadai kitu, anakwenda kutoa pole. Aliyeulizwa atarudi tanurini lini alisema akimaliza, na aliyemaliza alikwenda kupanga foleni upya, kwa kuwa pole haina kipimo. Wakuu wa idara hawakuwa wameagizwa kuchochea, kwani msiba haukuwa rasmi. Tanuri likapoa.

Ndugu Pantaleo alikuja mbio kuwatuliza. Lakini kila kundi alilolifikia, yeye alikuwa wa tano, na askari akalazimika kumwondoa kwa mujibu wa sheria. Mwishoni alibaki amesimama peke yake kando ya barabara, mtu aliyewahi kuchoma chokaa, akiwatazama wakipita.

Juma lililofuata Serikali, katika kulinda afya za wafanyakazi, ilipunguza idadi kutoka wanne hadi wawili. Wafanyakazi wakatii. Wakaenda wawili wawili, foleni ikawa ndefu mara mbili, na mawe ya barabarani yakaanza kubabuka rangi, kwa kuwa hapakuwa na chokaa mpya.

Modesta alikaa pale kaburini kila siku kuwapokea. Wawili wakifika, walisimama, wakavua kofia, wakakohoa kwa nje, bila haraka, mpaka kifua kikaisha. Naye akawaitikia, "Poleni." Kisha wakaja wawili wengine. Wote waliofika pale walikohoa, na Modesta mwenyewe alikohoa, na kila mara alijikuta ameinamisha sikio kwenye ile chokaa nyeupe, kwa mazoea ya miaka mingi, akisubiri kumsikia mmoja ambaye sasa alikuwa ametulia kabisa.